Mtoto amesema "kosa", tumemkosea nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 31, kibanda changu kipo Ngamiani katika mojawapo ya zile barabara za nambari. Shida yangu nikiisimulia barazani watu wanacheka. Wewe pia cheka, ila ukimaliza unijibu.

Dada yangu mkubwa ameolewa na Mtaliano, wanaishi Napoli, huu mwaka wa nane. Wana mtoto mmoja wa kike wa miaka sita. Kwetu huyo ni mwanangu, mimi ndiye mama yake mdogo, lakini hatujawahi hata kushikana mikono. Kiswahili anajua "shikamoo", "mandazi" na "basi", basi. Zamani nilikuwa namlaumu dada, siku hizi nimeacha. Anafanya kazi zamu mbili, mtoto anashinda na baba yake na bibi wa huko. Kiswahili angekiokota wapi?

Kila Jumapili saa mbili usiku tunapigiana simu ya video. Simu tunaiegemeza kwenye kopo la sukari, mama anajifunga khanga mpya kama anakwenda harusini, anakaa mbele kabisa mpaka kwenye skrini linaonekana paji la uso tu. Dada akiwapo anatafsiri. Jumapili moja mwezi uliopita alikuwa kazini, simu akapiga shemeji. Shemeji Kiswahili hajui, na Kiingereza chake na changu vikikutana ni kipofu kumwongoza kipofu. Mtoto akakaa kitini, akamtazama mama, akasema: "Nona, ke kosai manjato?" Nimeandika vilevile nilivyosikia. Akarudia mara ya pili. Akarudia mara ya tatu, polepole, kama mwalimu.

Mama alichosikia ni "kosa". Akanigeukia: "Anasema tumemkosea? Tumemkosea nini mtoto?" Mimi nikababaika, nikasema "ciao, ciao", tukapunga mikono. Mtoto akashuka kitini akaenda zake, tukabaki tunatazama kiti na ukuta. Tulikuwa tumetoka kula wali wa nazi na samaki, mama akawa hata chai ya baadaye hakuinywa. Mpaka leo ananiuliza tulikosa nini. Dada nilimuuliza, akasema mtoto mwenyewe hakumbuki.

Sasa Shangazi, kinachoniuma ni kwamba Kitaliano nakisoma. Nina miezi minane na programu moja ya simu, ile ya kucheza na kupata pointi, siku 240 sijakosa hata moja. Inafundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kidato cha nne, kwa hiyo kila neno najifunza mara mbili. Najua kusema nyani anakula tufaha. Mtoto akisema na mimi, sijui kitu. Wanafunzi wangu wawili wa ushonaji wakinisikia naongea peke yangu wanakonyezana, na mume wangu anauliza bando linaishia wapi.

Desemba wanakuja wote, na mama mkwe wa dada pia. Kuna kijana ananiambia nimlipe shilingi 350,000, ana darasa la mtandaoni, miezi mitatu nitaongea kama Mtaliano na cheti juu. Hiyo ni fedha niliyoweka ya cherehani ya pili.

Nilipe? Niendelee na programu? Au mtu wa kawaida akiwa nyumbani kwake hawezi kujifunza lugha, nijikalie tu nipunge mkono?

Mama Mdogo, Ngamiani, Tanga

---

Marahaba mwanangu.

Kabla hujasoma mengine, nenda kamtulize mama. Hakuna aliyemkosea mtu. Mtoto alisema: "Nonna, che cosa hai mangiato?" Nonna ni bibi. Che cosa ni nini. Hai mangiato ni umekula. "Bibi, umekula nini?" Hilo tu. Kitaliano "cosa" ni kitu, wala halina undugu na kosa letu. Mtoto wa miaka sita, Napoli, anamuuliza bibi yake wa Tanga amekula nini, na mara tatu! Huyo mtoto kwao kwa tabia ni huku kabisa, anaulizia chakula kabla ya jambo lolote.

Sasa tazama ulichokifanya wewe. Uliandika "ke kosai manjato". Nimeisoma mara moja nikaielewa, bila kusikia sauti ya mtoto. Kwa miezi minane programu imekufundisha nyani na tufaha, lakini sikio lako la Kiswahili kwa dakika moja, tena ukiwa umebabaika, limenasa sentensi nzima ya Kitaliano na herufi zetu zimeitosha. Mimi jibu langu lote limeegemea hapo. Wewe unatoka Tanga kwenda Napoli kwa kupitia London, na London hapakuwa njiani.

Hebu nikuonyeshe. Kiingereza mtu akiwa na njaa husema yeye "yu njaa". Sisi tunasema nina njaa, na Mtaliano naye anasema nina njaa: ho fame. Nina kiu, ho sete. Nina usingizi, ho sonno. Nina hofu, ho paura. Nina haraka, ho fretta. Hata umri: mtoto wenu anasema ho sei anni, nina miaka sita, neno kwa neno. Sisi sifa tunaiweka nyuma ya jina, nyumba nyeupe, nao mara nyingi hivyohivyo, casa bianca. Sisi tunasema nakuona, "ku" imetangulia "ona". Wao wanasema ti vedo, "ti" imetangulia "vedo". Ukipitia Kiingereza yote haya unayapindua kwanza, halafu unayapindua tena. Ndiyo maana unachoka.

Na ile habari ya vitenzi inayowatoa watu jasho, wewe umezaliwa nayo. Sisi mtendaji tunamweka kichwani mwa neno: ninakula, unakula, anakula. Wao wanamweka mkiani: mangio, mangi, mangia. Tunakula ni mangiamo, mnakula mangiate, wanakula mangiano. Huna haja ya kusema "mimi" kila mara, kama ambavyo husemi "mimi ninakula" ila unapotaka kusisitiza. Tena mangia ni anakula, awe mwanamume awe mwanamke, kama "a" yetu. Geuza shati tu, kola ije chini.

Watakutisha na majina ya kiume na ya kike. Libro ni kiume, casa ni kike, sifa lazima ifuate jina: libro bello, libri belli, casa bella, case belle. Mwanangu, mtu aliyelelewa kwa kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri, jiwe zuri, mawe mazuri, atishwe na makundi mawili? Mzungu anayejifunza ngeli zetu ndiye wa kuhurumiwa. Yako machache yanayokorofisha, kama la mano, mkono, ambalo lina mkia wa kiume lakini ni la kike, na il problema, ambalo ni kinyume chake. Hayo utayakariri yanapokuja.

Sasa nikwambie pale ambapo Kiswahili hakitakusaidia, kwa sababu ndipo mlipo na mtego, na mimi mwenyewe uliwahi kuninasa.

Nilipokuwa msichana nilikaa mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kitaliano nilijifunzia pale, kwa daftari la kurasa 48 na kwa kuwasumbua wapishi. Siku moja mzee mmoja wa Kitaliano na mkewe wakaniuliza nina miaka mingapi. Nikajibu kwa majivuno: "Ho ventisei ani." Mke akafunika mdomo. Mzee akatazama dari. Miaka ni anni, n mbili, unaikalia ile n kidogo. Ukisema ani kwa n moja unakuwa umetaja sehemu ya mwili, ile ya kukalia, na mimi nilikuwa nimewatangazia kwamba ninazo 26. Safu hii inasomwa na wazee, sitaendelea.

Konsonanti mbili kwao si pambo la maandishi. Sete ni kiu, sette ni saba. Pala ni koleo, palla ni mpira. Capello ni unywele, cappello ni kofia. Nona, ulivyoandika wewe, ni "ya tisa" kwa jina la kike. Nonna ndiye bibi. Kiswahili hatuna jambo hilo, lakini nakuuliza: ulisoma chuoni? Kama ulikaa kwenye mkeka mbele ya ustadhi, basi shadda unaijua. Ile unayoisimamia, ukiipita haraka unarudishwa mwanzo wa aya. Nonna ni n yenye shadda. Palla ni l yenye shadda. Wenzangu waliosoma Kitaliano kwenye madarasa ya maana walihangaika miezi na jambo hili. Mimi baada ya aibu ile nilikumbuka fimbo ya ustadhi, nikapona kwa wiki mbili. Na kama hukusoma chuoni, una jirani aliyesoma. Mwambie akusomee uisikie.

Mtego wa pili ni mkazo. Sisi tunaegemea silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, hatuna mjadala. Wao mara nyingi hivyo, ndiyo maana utasikika vizuri haraka, halafu ghafla utakosea. Wanakula si manjiáno, ni mánjano, mzigo wote mbele. Simu ni teléfono. Jumamosi ni sábato, si kama tunavyowaita Wasabato. Hata huo mji wa dada yako ni Nápoli, na sisi sote tunasema Napóli. Kwenye daftari weka alama ya mkazo kwa kalamu nyekundu kila unapoandika neno jipya, hata kama vitabu vyao haviweki.

Na herufi: kwao ch ni k yetu, na c ikifuatwa na i au e ni ch yetu. Kwa hiyo ciao ni chao, lakini chiave, ufunguo, ni kyave. Gn ni ny yetu kabisa, bagno ni banyo. Sc mbele ya i au e ni sh: samaki ni pesce, unasema peshe. Ukisema peske umesema matunda fulani ya kwao, na mpishi atakuletea. H haitamkwi. Basi, umemaliza sehemu kubwa ya kusoma. Kwa hiyo daftari lako liwe na safu tatu: Kitaliano chao, matamshi kwa herufi zetu, na maana kwa Kiswahili. Kiingereza kikae nje kama kandambili mlangoni.

Programu usiitupe, inakukumbusha maneno, ila isiwe ndiyo shule. Siku 240 zinahesabu ulivyoifungua simu, hazihesabu ulivyofungua mdomo. Ipe dakika tano. Nusu saa nyingine iende kwenye sauti. Tafuta katuni za watoto wadogo kwa Kitaliano kwenye YouTube, pakua mbili tatu mahali penye Wi-Fi au kwa bando la usiku ili mumeo apumue, na uzisikilize hizohizo mwezi mzima. Chukua sentensi moja, isimamishe, irudie kwa sauti, jirekodi, sikiliza yake na yako. Ndivyo tulivyosomeshwa chuoni, ustadhi anatangulia, sisi tunafuata, na hakuna aliyetupa kanuni kwanza. Malindi, kule Kenya, wako vijana wanaouza vinyago na kupeleka wageni baharini kwa Kitaliano kinachotiririka, na wengi hawajui hata kama kuna kitabu chake. Walisikia, wakasema, wakachekwa, wakasema tena.

Tena wewe una kitu ambacho mwanafunzi wa darasani hana: kazi yenye maneno yaleyale kila siku. Ukipima mteja, andika kwa namba kama kawaida, lakini moyoni hesabu kwa Kitaliano. Kifua 92, novantadue. Kiuno 76, settantasei. Sindano ni ago, uzi filo, kifungo bottone, kitambaa stoffa, mkasi fórbici, nayo cherehani ni mácchina da cucire. Ona shadda zilivyojaa. Ukikata sema taglio, yaani talyo. Ukishona sema cucio, yaani kucho. Ukipiga pasi sema stiro. Usiseme kimoyomoyo, toa sauti. Wanafunzi wako wakikonyezana, wape na wao: atakayetaka uzi bila kusema "filo" hapati uzi. Mpaka Desemba mtakuwa watatu.

Lakini nikuulize kitu. Unataka Kitaliano, au unataka kuongea na mtoto wa miaka sita? Kwa maana Kitaliano ni bahari, na mtoto wa miaka sita ni kidimbwi kizuri cha kuogelea. Mtoto huyo hataki habari za siasa. Anaulizwa umekula, hai mangiato? Umelala vizuri, hai dormito bene? Njoo hapa, vieni qui. Nionyeshe, fammi vedere. Angalia, inaunguza, attenta, scotta! Polepole, piano piano, ambalo utalipenda kwa sababu wao nao hulisema mara mbili kama sisi. Inatosha, basta, ambalo yeye analijua tayari kwa "basi". Kusanya sentensi kama 150 za namna hii, za jikoni, za kuoga, za kulala, za ufukweni Raskazone. Kila siku sentensi mbili tu. Siku zilizobaki hadi Desemba zinakutosha na nyingine zitazidi.

Na moja usiipate vibaya. Najua programu zinavyofundisha "nakupenda", zinakupa ti amo. Hilo ni la mume. Kwa mtoto, kwa dada, kwa mama, wanasema ti voglio bene. Mwambie hivyo.

Yeye atakuita zia. Kwao zia ni mama mdogo, mama mkubwa na shangazi, wote kapu moja, masikini. Na neno lao nipote ni mjukuu na pia ni mtoto wa ndugu, kwa hiyo wewe na mama mtamwita jina hilohilo. Ila nakushauri umfundishe akuite Mama Mdogo. Lugha isiende upande mmoja. Na dada yako, pamoja na zamu zake, wimbo mmoja wa kumlaza mtoto kwa Kiswahili haumalizi bando la mtu.

Mama mkwe ni habari nyingine. Huyo usimpokee kwa ciao. Ciao kwa mzee usiyemzoea ni kama kumkuta bibi wa watu barazani ukamwambia "mambo vipi". Sema "Buonasera, signora. Come sta?" Siyo come stai, hiyo ni ya mtoto na ya rika lako. Wanayo heshima yao inaitwa Lei, wanamsemesha mtu aliye mbele yao kama wanamtaja yeye aliye pembeni. Akikwambia mwenyewe "dammi del tu", ndiyo amekufungulia mlango, sasa msemeshe kama ndugu. Na usivunjike moyo ukiona humwelewi hata kidogo. Mama wa Napoli akiwa na wanawe anasema Kinapoli, na Kinapoli kinameza irabu za mwisho, zilezile unazozitegemea. Mtaalamu wao wa lugha, Tullio De Mauro, alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, waliojua Kitaliano chenyewe walikuwa kama 2.5% tu ya watu, waliobaki kila mmoja na lugha ya kwao. Sisi wa Tanga hatuna la kuwacheka. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Kimtang'ata chetu bibi zetu wanakisema mpaka leo kwa mjukuu aliyerudi chuo kikuu na haambulii kitu.

Kuhusu yule kijana wa 350,000: usilipe. Sisemi ni tapeli, simjui. Ila miezi mitatu haimfanyi mtu kuwa Mtaliano, na cheti chake hakina pa kwenda. Vyeti vinavyotambulika ni vya mitihani kama CILS ya chuo cha Siena, CELI cha Perugia na PLIDA cha jumuiya ya Dante Alighieri. Hivyo anavihitaji mtu kama dada yako: kibali cha kuishi kwa muda mrefu kinataka kiwango cha A2, ngazi ya pili kati ya sita, uraia kwa njia ya ndoa unataka B1, ngazi ya tatu. Wewe hutafuti kibali cha kuingia nyumbani kwa mama yako. Ukija kutaka kusoma zaidi huko mbele, Nairobi kuna Istituto Italiano di Cultura, uliza huko. Kwa sasa nunua cherehani.

Jambo dogo la saa, kabla sijasahau, kwa sababu litakuvurugia simu. Mtoto akikwambia alle sette, hiyo siyo saa saba. Ni saa moja yetu. Wao wanahesabu toka usiku wa manane. Na saa zao hubadilika: majira ya joto wako nyuma yetu kwa saa moja, kuanzia mwisho wa Oktoba wanakuwa nyuma kwa saa mbili. Kwa hiyo saa mbili yenu ya Jumapili kwao itakuwa saa kumi na mbili jioni, le sei. Mtoto bado hajala.

Nimekwambia kuhusu njaa, sasa nikupe tamu moja uikate na mama mkinywa chai. Sukari, wao zucchero. Zafarani, zafferano. Sifuri, zero. Sharubati yetu na sciroppo yao, taarifa yetu na tariffa yao, hazina yetu na magazzino yao, yaani ghala: yote yametoka kwa Mwarabu, akayashusha huku na kule. Bendera ni bandiera na karata ni carte, na hapo aliyetuletea sisi ni Mreno, ambaye lugha yake ni binamu wa Kitaliano. Lakini pia usijiamini kupita kiasi, kwa sababu pera la kwao si pera letu, papa wao ni wa Roma na haumi, mia ni "yangu" na tu ni "wewe".

Hilo la mwisho utalihitaji Jumapili hii. Mfundishe mama sentensi moja, na akae nyuma kidogo, uso wote uonekane. Deni la mwezi uliopita lilipwe kwanza. Mtoto akikaa tu, kabla hajasema lolote, mama aseme: "Ho mangiato riso al cocco e pesce." Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi zetu, uibandike kwenye kopo la sukari: o manjato riso al kokko e peshe. K ya kokko aisimamie. Halafu amalize: "E tu?" Na wewe?

Mtoto atajibu, tena mbio. Usihangaike kuelewa. Andika ulichosikia vilevile, kama ulivyofanya, uniletee. Na mama avae ileile khanga.